Picha za mkonge za enzi ya Wajerumani: tuzitumie au tuziweke kando?

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Michache iliyofika hai ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na miaka 20 baadaye mashamba yalikuwa yametanda Tanga na bonde la Pangani. Picha za koloni lile la Wajerumani sasa ni rahisi kupatikana. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilifungua mtandaoni picha zaidi ya 80,000, zikiwamo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi katika koloni hilo.

Wapo wanaosema tusizipe nafasi, na wana hoja nzito. Picha hizi zilipigwa ili koloni lionekane lina faida: mistari ya mkonge imenyooka hadi upeoni, kana kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe. Huko Usambara mwanamume alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, kilichomlazimu kumfanyia mzungu kazi siku 30 kila miezi minne. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama mandhari.

Hata hivyo, mimi sikubali ziwekwe kando. Ukivuta karibu picha ya uwanja wa kuanikia, unaona singa, yaani nyuzi za mkonge, zilivyotundikwa, urefu wake, na mikono ya wanaozigeuza. Aliyewahi kufanya kazi korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, ataisoma picha hiyo vizuri kuliko mwandishi yeyote wa maelezo ya Kijerumani, ambayo mara nyingi hutaja shamba na kumwacha mtu bila jina.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba habari huishia kwenye marobota. Singa zilipakiwa melini, kamba zikasokotwa Ulaya, na mtazamaji anaweza kudhani pwani yetu haikujua kamba mpaka Hindorf alipokuja. Takriban miaka 2,000 iliyopita Wayunani waliandika kuhusu vyombo vya baharini vya kushonwa vya pwani hii, na mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi hadi karne ya 20. Kusini mwa Unguja wanawake bado hufukia makumbi ya nazi ufukweni kwa miezi, huyafukua yakiwa yameoza, huyaponda kwa rungu, kisha husokota usumba, yaani nyuzi zake, kwa viganja.

Kwa hiyo makumbusho zetu zizitundike picha hizo, ila kando yake ziwekwe kazi za wasokotaji hawa, na maelezo yaandikwe upya pamoja na wazee waliokata mkonge.