Sanduku jipya la bastola lisidanganye umri wake

Ninatengeneza masanduku ya mbao ya kuwekea bastola za mtindo wa kale, zile za gumegume (zinazowashwa kwa cheche za jiwe) na za fataki (zinazowashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa) zinazofuliwa upya kwa kufuata vielelezo vya karne ya 18 na 19. Useremala niliupata Unguja, kwa mafundi wa milango na masanduku ya njumu. Wateja wangu wengi sasa wako Uingereza, watu wanaopiga shabaha kwa baruti nyeusi au wanaokusanya tu. Ombi ninalolipata mara nyingi kuliko yote ndilo linalonikera: "Lifanye lionekane la zamani, na ndani ya mfuniko ubandike karatasi ya Manton." Ninakataa, na ningependa mafundi wenzangu nao wakatae.

Karatasi hiyo ina kazi yake katika historia. Fundi wa bunduki wa London aliyeuza jozi ya bastola alibandika ndani ya mfuniko karatasi iliyochapwa jina lake, mtaa wake, na pengine majina ya wakubwa aliowahudumia. Joseph Manton, mmoja wa mafundi hao, alikuwa Davies Street, baadaye akahamia Hanover Square, na karatasi zake zikabadilika pamoja naye. Ndiyo maana watu wa mambo ya kale huisoma karatasi kwa makini: anwani inawasaidia kukadiria mwaka. Leo nakala za karatasi hizo zinachapishwa na kuuzwa waziwazi. Ukiibandika kwenye sanduku ulilolimaliza juzi, mteja wako anajua ukweli, lakini mwanawe atakayelirithi hajui. Likifika mnadani halina wa kulisemea zaidi ya karatasi yenyewe, na karatasi inasema uongo.

Kuna dhuluma nyingine ambayo ni kongwe zaidi. Karatasi ile ilimtaja fundi wa bunduki. Aliyepasua mbao, akaunga pembe, akapachika bawaba na kuvisha kitambaa mara nyingi hakutajwa popote. Masanduku haya yamejaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na maelezo yaliyo ukutani yanazungumzia mtutu, mtambo na nakshi za fedha. Kuhusu boksi utaambiwa mbao gani, basi. Sasa imefika zamu ambayo seremala anaweza kuandika jina lake bila kumwomba mtu ruhusa, halafu aandike la Manton?

Heshima kwa wale wa kale haimo kwenye karatasi. Imo kwenye namna ya kufanya kazi, na hapo kuna mengi ya kujifunza. Waingereza na Wafaransa walikwenda njia mbili. Mfaransa alichonga kitanda chenye umbo la bastola yenyewe, akakivisha mahameli, na kila kifaa kikazama kwenye shimo lake. Nicolas-Noël Boutet wa Versailles alifikisha mtindo huo mahali ambapo sanduku lote, kuanzia mbao hadi kijiti cha mwisho, linasomeka kama kazi ya mkono mmoja. Mwingereza aligawa sanduku kwa vibao vyembamba vilivyovishwa kitambaa kizito cha sufu, mara nyingi cha kijani: chumba cha pembe ya baruti, cha kalibu ya risasi, cha mawe ya gumegume, kichupa cha mafuta, bisibisi. Bastola mbili zililala mzungu wa nne, mdomo wa moja ukielekea kwenye mpini wa mwenzake.

Mimi ni mfuasi wa Waingereza. Sanduku lao lilikuwa la kazi. Tarehe 11 Julai 1804, wanasiasa wa Marekani Alexander Hamilton na Aaron Burr walipokutana kupigana kwa bastola Weehawken, jirani na New York, walitumia jozi ya bastola za Wogdon na Barton wa London, mali ya John Barker Church, shemeji wa mke wa Hamilton. Katika mapambano ya namna hiyo wasimamizi ndio walioshughulikia silaha, na kila kitu kilitakiwa kionekane na kishikike mara moja na mkono usiotulia. Ugawaji wa vyumba unatoa nafasi hiyo. Kidole kinapita ubavuni mwa bastola na kuiinua bila kuikwangua.

Nieleze namna vyumba hivyo vinavyopangwa, maana hapa ndipo sanduku linapofaulu au kuharibika. Sianzi na mbao. Ninaanza na karatasi kubwa ya rangi ya kaki mezani, bastola juu yake, na penseli. Ninaisogeza na kuigeuza mpaka nione wapi uzito wake unakaa. Kila kibao cha kugawa kinatakiwa kiiguse bastola mahali penye mbao au penye chuma kinene, kamwe si kwenye mtambo wala kwenye kifyatulio. Ubavu wa mtutu mara nyingi unahitaji vipande viwili vifupi badala ya kimoja kirefu. Kitambaa kinaongeza unene pande zote mbili za kibao, kwa hiyo ninakata kipande cha kitambaa chenyewe na kukipachika wakati wa kupima, sikisii. Ukifunga mfuniko na kulitikisa boksi taratibu karibu na sikio, usisikie kitu.

Boksi lenyewe ninaliunga likiwa limefungwa pande zote sita, kisha ninalipasua kwa msumeno kupata mfuniko. Seremala asiyewahi kufanya hivyo huogopa. Lakini ndiyo njia ya kufanya nyuzi za mbao zipite kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye kasha bila kukatika, na ukingo wa juu na wa chini ulingane hata kama pembe zako hazikutoka sawasawa kabisa. Chini ninaweka kibao kilichokaa kwenye mfereji bila gundi, kwa sababu mbao hutanuka na kunywea kwa upana wake hewa inapobadilika. Nyumba ya Uingereza wakati wa baridi, mitambo ya joto ikiwaka, hukausha mbao kupita kiasi ambacho mtu wa pwani amezoea. Kibao kilichogundishwa pande zote kitapasuka, hakuna mjadala.

Kuhusu mbao, wengi wanataka mwaloni kwa sababu Waingereza waliutumia sana. Kwa macho ni mzuri. Tatizo ni kwamba mwaloni hutoa mvuke wa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na huendelea kuutoa kwa miaka mingi. Ndani ya kasha lililofungwa, mvuke huo unaamsha kutu kwenye chuma, na kwa madini ya risasi unafanya kibaya zaidi: goroli zake hugeuka nyeupe na kuanza kumomonyoka unga. Wahifadhi wa makumbusho wanalijua hili na hukwepa mwaloni kwenye makabati ya metali. Kama mteja ameshikilia mwaloni, namwambia sanduku liwe la maonyesho na risasi zikae kwingine. Sufu nayo ina salfa, haipatani na fedha. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti nayo, ikigusana na shaba kwa muda, huacha ukungu wa kijani.

Sasa rudi kwenye ombi la kuzeesha. Sanduku jipya linazeeshwaje? Kwa siki iliyolowekwa misumari, kwa amonia, kwa chai kali, kwa kupigwa minyororo na kusuguliwa masizi kwenye pembe. Karibu kila dawa ya kuzeesha ni adui wa metali. Unatengeneza nyumba ya bastola halafu unaijaza sumu ili ifanane na nyumba ya babu. Kwangu hilo peke yake lingetosha kukataa, hata kama suala la uongo lisingekuwapo.

Mbao ninayoipendelea ni mkangazi wetu. Ni wa ukoo mmoja na mahogani ya Karibi na Amerika ya Kati waliyoitumia Waingereza. Mahogani ile ilikatwa mno, na leo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba. Mninga ninautumia pale mteja anapotaka rangi yenye moto zaidi. Hautanuki wala kunywea sana ukishakauka, na hiyo ni sifa kubwa kwa kasha. Kwa kung'arisha, watu wa pwani tuna haki ya kujisikia nyumbani: katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima ilivuka bahari kupitia Zanzibar na kuingia kwenye vanishi za Ulaya na Marekani. Na bastola zenyewe zilikuja upande wetu. Mwaka 1840 Sultana, meli ya Sayyid Said, ilifika New York ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Wamarekani waliikarabati na kuirudisha na zawadi, miongoni mwake bunduki na bastola za Colt. Kwa hiyo ninapopokea swali "Mtu wa Unguja na sanduku la bastola wapi na wapi?" sioni ugeni wowote.

Hoja ya wanaotaka kuzeesha ninaijua: ni mapambo tu, hakuna anayedhurika. Lakini itazame bastola iliyo mbele yako. Nyingi hutoka Gardone Val Trompia, Italia, ambako huzifua kampuni ya Pedersoli, iliyoanzishwa mwaka 1957. Mtutu una jina la aliyeitengeneza, alama za ofisi ya upimaji ya serikali, na herufi zinazotaja mwaka ilipopimwa. Bastola yenyewe imesema wazi kuwa ni mpya, na mara nyingi sheria ya nchi anamoishi mwenyewe inamtaka aimiliki kwa kibali kama silaha nyingine. Mfuniko unaodai mwaka 1815 juu ya mtutu wenye alama za juzi unaikosesha heshima bastola nzuri.

Mteja akitaka karatasi ndani ya mfuniko, namtengenezea. Inaandikwa jina la aliyeifua bastola, jina langu, aina ya mbao, na mwaka. Akitaka la kwake liwemo, linakuwa la kwanza. Halafu, kabla sijavisha kitambaa, ninachoma maneno hayohayo kwa chuma cha moto kwenye kibao cha chini, ili karatasi ikibanduliwa siku moja na mtu mwenye tamaa, seremala atakayeng'oa kitambaa kilichochakaa ayakute.