Kuta za Berlin na kuta za Mtwara

Hapa Berlin ninapoishi, ni nadra kukuta ukuta usio na grafiti, yaani majina na michoro ya vijana. Ndugu zangu wa Mtwara wakiona picha ninazotuma, huuliza: kwani serikali ya huko imekosa rangi? Rangi ipo. Wanapaka leo, kesho asubuhi majina yamerudi.

Grafiti hii ilianzia Marekani. Katika miaka ya 1960, kijana wa Philadelphia, Darryl McCray, alijaza mji kwa jina lake la utani, Cornbread. New York akaja kijana mwenye asili ya Ugiriki, kazi yake kupeleka vifurushi. Kila alikotumwa aliacha TAKI 183: Taki jina lake la utani, na namba ya barabara ya kwao. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times likamwandika, na wenzake wakaona kumbe umaarufu unapatikana kwa kalamu ya wino mzito. Punde wakashika rangi ya kupuliza, wakahamia kwenye mabehewa ya treni, maana behewa linakutembezea jina mji mzima. Mwaka 1984 picha za mabehewa hayo zilitoka katika kitabu cha Martha Cooper na Henry Chalfant, na vijana wa Ulaya wakazinakili herufi kwa herufi. Berlin ukuta ulikuwepo tayari, ule uliougawa mji Mashariki na Magharibi: mwaka huohuo Mfaransa Thierry Noir alianza kuuchora, upande wa Magharibi. Upande wa Mashariki hakuna aliyechora, maana kuusogelea tu ni kupigwa risasi.

Historia hiyo naiheshimu. Lakini kwenye mlango wa jengo letu majina yamepandana hata hayasomeki, na nadhani najua kwa nini. Humu tunapishana ngazini bila salamu. Asiyeitwa na mtu atajiandika mwenyewe. Kwetu Mikindani, huko Mtwara, mtoto hapiti barazani bila kuitwa jina lake, tena na la baba yake juu.

Kuta zetu zina mambo mengine: “Nyumba hii haiuzwi”, “Usikojoe hapa”, na ile X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, inayomnyima mtu usingizi. Uzuri wa maandishi uko ufukweni. Nimemtazama fundi akiandika jina la mashua ubavuni, karibu na omo, mbele ya chombo. Alivuta uzi wenye chaki, akaupiga ukaacha mstari, kisha akajaza herufi kwa brashi nyembamba bila kupumzisha mkono. Kivuli cha kila herufi alikitia kwa rangi nyekundu, mwisho. Jina lake hakuliweka. Wavuvi wanamjua kwa mkono wake.

Mpwa wangu hunitumia picha za daftari lake: herufi za Berlin, zilizovimba, amezitoa kwenye simu. Ana kipaji, na sitaki akatazwe. Ila nachukia kuona anasomea kwa watu asiowajua wakati fundi yule yuko hatua chache kutoka kwao, naye anazeeka bila mwanafunzi. Nimemwambia aende, achukue na daftari.

Na ninyi wa manispaa, wapeni ukuta wa uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, fundi na vijana pamoja. Nunueni rangi inayohimili chumvi ya bahari, jengeni jukwaa imara la kupandia, na ujira wao ulipwe kama mnavyomlipa mwashi. Sisi tulio nje tutachangia. Mimi nipo tayari kuanza na fedha ya rangi.