Nokia E71 na E63: Wanaozishikilia Wana Hoja Kuliko Tunavyodhani

Mtu anayeonekana leo akitumia Nokia E71, au ndugu yake wa bei nafuu E63, huhukumiwa haraka: ama ni bahili, ama amegoma kutoka katika miaka ya ujana wake. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa wapo wanaozihifadhi simu hizo kama kumbukumbu tu. Lakini imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, yaani kwamba simu hizo ziliachwa kwa sababu zilichoka. Ukiwasikiliza waliozimiliki kwa muda mrefu, utagundua kwamba malalamiko yao makubwa hayahusu simu yenyewe bali mambo yaliyofanywa na watu wengine, mbali nayo, wakati yenyewe ikiwa bado nzima mfukoni.

E71 ilitangazwa Juni 2008, na E63 ikafuata Novemba mwaka huohuo. Zote mbili zilikuwa simu janja za mfumo wa Symbian, zenye herufi zote mbele, Wi-Fi na 3G. E71 ilivaa chuma, ikawa na unene wa milimita 10 hivi, GPS na kamera ya megapikseli 3.2. E63 ilivaa plastiki, ikakosa GPS, ikapewa kamera ya megapikseli 2, lakini ikawa na tundu la kawaida la spika za masikioni na tochi inayowashwa kwa kushikilia kitufe cha nafasi. Kuna waliofanya biashara zao zote kwa E63 na hawakuwahi kuona sababu ya kuongeza pesa.

Sifa ya kwanza inayotajwa na wamiliki ni uandishi. Aliyezoea kibodi ile huandika ujumbe mrefu akiwa amemtazama mteja aliye mbele yake, kwa kuwa kidole gumba kinatambua kitufe kwa kugusa, si kwa kuona. Vitufe vinne vya mkato vilivyo juu ya kibodi vinakupeleka moja kwa moja kwenye skrini ya mwanzo, kalenda, majina na barua, na mtu hufungua kalenda yake kabla mwenzake hajamaliza kuchora alama ya kufungua skrini. Kiswahili nacho hakihitaji herufi zenye alama za pekee, kwa hiyo mwandishi hakosi chochote. Tena simu haimsahihishi kwa lazima na kumgeuzia maneno yake kuwa ya Kiingereza, jambo ambalo wenye simu za kupangusa wanalijua vizuri na wamelichoka.

Kuna kundi moja ambalo faida hii kwao haikuwa ya starehe. Watu wasioona walizipenda simu za Symbian kwa sababu programu za kusoma skrini kama Nuance Talks na Mobile Speak ziliwasomea kilichoandikwa, huku vitufe vikiwaonyesha vidole mahali pa kubonyeza. Kioo bapa huwa hakina alama yoyote ya kushika. Ni kweli kwamba simu za kisasa zina visoma skrini vyao, na vingi ni vizuri, lakini mtu aliyejifunza kuendesha maisha yake kwa vitufe alilazimika kuanza upya kwa njia ambayo kwake ilikuwa ngumu zaidi. Wanaosema kwamba kuhama ni suala la mazoea tu wangefaa kwanza kujiuliza ni mazoea ya nani.

Sifa ya pili ni betri. BP-4L, yenye mAh 1500, ilitumika katika E71, E63, E72, E52, E90 na hata N97, na kwa skrini ya inchi 2.36 kiasi hicho kilitosha na kubaki. Nokia ilitangaza zaidi ya saa 10 za maongezi kwenye 2G. Kwa kuwa betri moja ilihudumia aina nyingi za simu, ilipatikana kwa urahisi, na mwenye simu aliibadilisha mwenyewe kwa kufungua mfuniko wa nyuma, bila fundi, bila gundi na bila kupasha kioo moto. Chaja ilikuwa ile ya pini nyembamba iliyoenea kwenye Nokia nyingi ndogo, kwa hiyo aliyesahau yake nyumbani aliazima kwa jirani. Tatizo lililopo sasa ni kwamba BP-4L nyingi madukani ni za kuiga, nazo huvimba mapema na kuinua mfuniko. Hili ni tatizo halisi, na mmiliki asiyelitaja anaficha jambo.

Kasoro nyingine zinajulikana na hazihitaji maneno mengi. Kamera ya E71 ilikuwa hafifu hata kwa viwango vya wakati wake. Tundu la spika za masikioni lilikuwa la milimita 2.5, kwa hiyo lilidai kiunganishi ambacho kilipotea kila mara. Simu ilikuwa na tundu la USB ndogo lakini haikuchaji kupitia hapo, uamuzi ambao sijawahi kusikia utetezi wake. Kumbukumbu ya kuendeshea programu (RAM) ya MB 128 ilitosha kazi za 2008, ikaanza kubana kurasa za wavuti zilipozidi kuwa nzito.

Hakuna kati ya kasoro hizo iliyoiondoa simu mikononi mwa watu. Kilichoiondoa, kwa wengi wetu Afrika Mashariki, kilikuwa na tarehe: Juni 30, 2017. Mapema 2016 WhatsApp ilitangaza kwamba itaacha kuhudumia mifumo kadhaa ya zamani, ikiwamo Symbian S60, ambao ndio mfumo wa E71 na E63, na baada ya kusogeza mbele muda ikafunga mlango siku hiyo. Simu iliyotuma ujumbe kwenye kikundi cha familia jioni ya tarehe 29 ilikuwa ileile ya tarehe 1 Julai, yenye betri ileile na laini ileile, lakini mwenyewe alikuwa ametengwa na harusi, misiba na michango yote iliyokuwa ikiratibiwa huko.

Nalirudia jambo hili kwa sababu athari yake haikuishia kwenye kununua simu mpya. Hapakuwa na njia rasmi ya kuhamisha mazungumzo kutoka Symbian kwenda Android; kilichowezekana ni kujitumia mazungumzo, moja baada ya jingine, kwa barua pepe kama maandishi. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye kumbukumbu za nani alitoa nini zilikuwa kwenye ujumbe wa kikundi, alihamia simu mpya akiwa mikono mitupu, au akiwa na faili ndefu isiyofunguka ndani ya WhatsApp. Tunapozungumzia gharama ya kung'ang'ania simu ya zamani, gharama hii ya kulazimishwa kuiacha huwa haitajwi, na aliyeilipa si kampuni.

Upande wa programu una kejeli yake. Mwaka 2004 kirusi cha Cabir kilisambaa kwa Bluetooth katika simu za S60 za kizazi kilichotangulia. Katika kizazi cha tatu, ambacho E71 na E63 ni wake, Symbian ikaleta utaratibu mkali wa kutaka programu zitiwe saini yenye cheti, na vyeti vina tarehe ya kuisha. Ulinzi huo ulifanya kazi. Miaka ilipopita, ukawa kufuli linalomzuia mwenye nyumba: faili halali la programu linakataa kusakinishwa kwa sababu cheti chake kimekwisha. Wamiliki wakajifunza kurudisha nyuma tarehe ya simu hadi kipindi ambacho cheti kilikuwa hai, kusakinisha, kisha kurudisha tarehe ya leo. Mtu anayefanya hivyo hajakwama katika wakati uliopita. Anaielewa simu yake kuliko wengi wetu tunavyoielewa ya kwetu.

Hata hivyo, wanaotaka simu hizi zistaafu wana hoja moja ambayo haiwezi kupuuzwa, nayo ni usalama wa mawasiliano. Kivinjari cha E71 kilijengwa kwa itifaki za zamani za usimbaji, ilhali TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya itifaki inayolinda mawasiliano ya wavuti, ziliwekwa kando rasmi na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, Machi 2021, na tovuti nyingi leo hazikubali chochote chini ya TLS 1.2. Barua pepe, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya mfululizo wa E wa Nokia kuwapo, ilipata pigo jingine Mei 30, 2022, Google ilipozuia programu zinazoingia Gmail kwa jina na nywila pekee. Wengine hudai kwamba simu ya namna hii ni salama kwa kuwa hakuna anayehangaika kuishambulia. Sikubaliani nao: mfumo usiopata marekebisho hauwi salama kwa kusahaulika, na mtu asiingize nywila ya benki humo.

Lakini tuangalie pesa za wengi wetu zinapita wapi. Huduma za pesa za Kenya na Tanzania hazikujengwa juu ya programu za simu janja. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, ikitumia menyu ya laini au USSD, yaani menyu ya kupiga namba fupi bila intaneti, na anayepiga *150*00# Tanzania kwenye E71 anapata menyu ileile aipatayo mwenye simu ya gharama kubwa. Kwa kutuma, kupokea, kununua umeme na kulipa wakala, simu hii haijapungukiwa. Inapopungukiwa ni pale huduma inapohamia kwenye programu pekee, na huko ndiko mambo mengi yanakoelekea.

Anayetaka kuinunua leo awe macho, kwa maana E71 ni kati ya simu zilizoigwa sana, na nyingine ziliuzwa na laini mbili na televisheni, vitu ambavyo E71 halisi haikuwa navyo. Apige *#06# alinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyo chini ya betri, na *#0000# kuona toleo la programu. Tanzania ilizima simu bandia mtandaoni Juni 16, 2016, kwa hiyo iliyokuwa ikitumika hapa na bado inapokea mawimbi ilishapita chujio moja.

Kwa maoni yangu, E71 kama simu pekee ya mtu mwenye kazi haitoshi tena, na kumshauri mtu vinginevyo ni kumpotosha. Kama simu ya pili, ya kupiga, kuandika ujumbe na kushika laini ya pesa, ina nafasi yake, na anayeibeba amepiga hesabu sahihi. Hesabu hiyo, hata hivyo, inategemea 2G na 3G kuendelea kuwapo. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T iliuza toleo lake la E71x mwaka 2009; 2G yake ilizimwa mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022, na kwenye mtandao huo simu ile haiwezi tena hata kupokea simu. Siku mitandao ya kwetu itakapofanya vivyo hivyo, betri mpya wala kurudisha tarehe nyuma havitasaidia.