Taj kufika hoteli 700: anayeuliza kuhusu wahudumu naye asikilizwe

Kila Taj, zile hoteli za kifahari za India, wakitangaza wamesaini hoteli mpya kuna hoja inarudi, kwamba hii ndo akili ya biashara, hununui kiwanja, hujengi, unasaini mkataba wa kuendesha tu, mwenye jengo anabaki na deni lake la benki we unachukua asilimia yako. Akitokea mtu akauliza wahudumu wa hoteli zote hizo watatoka wapi anaambiwa bado yuko zama za kizamani. Mi niko upande wa huyo anayeuliza, ila wanaoshangilia hii mikataba, hawa wenye haraka, nao wapewe haki yao kwanza maana kuna kitu kiliwafikisha hapo.

Kampuni yenyewe ni IHCL (Indian Hotels Company Limited), iko chini ya Tata, lile kundi kubwa la makampuni la India, ndo waliofungua hoteli ya Taj Mahal Palace pale Bombay, leo Mumbai, Desemba 1903. Novemba 2024 wakatangaza wanataka kufika hoteli 700 ikifika 2030, na wakati huo walikuwa na kama 350 ukihesabu pamoja na zilizosainiwa ambazo hazijafunguliwa. Yaani kilichochukua miaka 120 kinatakiwa kiongezeke mara mbili ndani ya miaka sita! Siyo zote zitakuwa Taj, hilo tuliseme, humo kuna Ginger ambazo ni za bei ya chini, kuna Vivanta na nyingine.

Na njia ile nyingine ya kumiliki majengo waliijaribu, ikawaumiza. Miaka ya 2000 walitoka kwenda kununua nje, Sydney, San Francisco, Boston. Ya Boston waliichukua 2007 kwa dola milioni 170, wakaja kuiuza 2016 kwa milioni 125, hapo sijagusa matengenezo ya katikati. Kampuni ikakaa miaka inaandika hasara. Puneet Chhatwal alipopewa uongozi 2017 akaisukuma kwenye mikataba ya uendeshaji, na leo kampuni inapata faida nzuri. Kwahiyo ukiniuliza kama walikosea kuachana na kununua nunua majengo, hapana, hawakukosea.

Shida yangu iko kwenye namba nyingine kabisa, 11.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 2008 wenye silaha waliingia Taj ya Mumbai, hoteli ikawa uwanja wa vita kwa karibu siku tatu. Waliofia humo ndani ni 31, na 11 kati yao walikuwa wafanyakazi. Theluthi nzima. Hawa walikuwa wanajua milango ya nyuma, ngazi za jikoni na korido zote kuliko mgeni yeyote, wangeweza kutoka mapema na hakuna ambaye angewalaumu. Wakabaki wakawatoa wageni kati ya 1,200 na 1,500. Wapishi walisimama wakawa ukuta kati ya wageni na risasi na kuna waliouawa wakiwa wamesimama hivyo hivyo. Kuna binti wa miaka 24 alikuwa anasimamia chakula cha jioni cha kampuni fulani, akafunga milango akazima taa, halafu akawaomba waume na wake wakae mbalimbali ili likitokea la kutokea isiishe familia nzima. Meneja mkuu Karambir Kang mke wake na watoto wake wawili walikufa kwa moto humo humo hotelini na yeye akaendelea na kazi ya kuokoa wageni. Kila nikifika hapa nasimama kidogo.

Hakuna aliyewaamuru, na kwenye mkataba wa ajira hakuna kifungu cha kusema ufe kwa ajili ya mgeni. Watu wa chuo cha biashara cha Harvard waliolichunguza hili walikuta mambo ya kawaida sana, kwamba Taj walikuwa wanatafuta vijana wengi kutoka miji midogo, wanaangalia malezi na heshima kwa wakubwa kabla ya kuangalia mengine, halafu wanawafundisha miezi 18 wakati hoteli nyingine zinaishia 12.

Sasa hiyo miezi sita ya ziada nani anailipa? Hapa ndo wanaoshangilia mikataba wanaruka. Kwenye mkataba wa uendeshaji mishahara inatoka kwenye mfuko wa hoteli, maana yake mfukoni kwa mwenye jengo, wakati mwendeshaji anachukua asilimia ya mapato na kiasi cha faida. Mwenye jengo ana benki inamsubiri. Ukimwambia kijana huyu atakula mshahara mwaka na nusu bado anajifunza, atakuuliza kwani mapokezi inahitaji nini zaidi ya kutabasamu na kujua kompyuta.

Hilo nimeliona mwenyewe, nilikaa mapokezi miaka minne kwenye hoteli ya ufukweni, jengo la mtu mmoja na jina la watu wengine. Nilivyoanza tulifundishwa miezi mitatu, waliokuja mwaka wa nne walipewa wiki mbili tu. Mgeni hakugundua siku ya kwanza, vyumba vizuri na juisi ya kumkaribisha ipo. Aligundua siku mama mmoja alipoanguka bafuni usiku, kijana wa zamu akaganda pale dawati hajui ampigie nani. Kijana mwenyewe simlaumu hata kidogo.

Wenye haraka watasema IHCL wanalijua hili, wameahidi kufundisha vijana 100,000 hadi 2030, na ni kweli wameahidi, ni jambo kubwa kwa India yenye vijana wengi wanaotafuta kazi. Hoteli 700 ni ajira pia, sipingi, kwa kijana wa mji mdogo kule huo ni mlango umefunguka. Ila kufundisha wengi na kufundisha kwa muda mrefu ni vitu viwili, na kilichowafanya wale watu wabaki ndani ya jengo linaloungua ni cha pili. Mtu anaingiwa na ile hoteli taratibu, kwa kukaa na wakubwa zake na kuona wanavyomtendea mgeni na wanavyomtendea yeye.

Wakitangaza mkataba mpya huwa wanataja idadi ya vyumba na mwaka wa kufungua. Natamani waongeze mstari mmoja tu, wahudumu wa hapo wameanza kufundishwa lini na nani anayelipa.