Mgonjwa akidai dripu: ni tabia yake au ni aliyoyapitia?

Wahudumu wa zahanati za Dodoma wanamjua vizuri mgonjwa huyu. Ana homa ya siku mbili, viungo vinauma, kipimo cha haraka kimeonyesha hana malaria, lakini haondoki mpaka achomwe sindano au atundikiwe dripu. Anaitwa msumbufu, na akishaitwa hivyo hakuna anayemuuliza zaidi. Mara nyingi anachodai hakikutokana na hulka yake. Alifundishwa na hospitali zenyewe.

Aliyekuwa mtu mzima kabla ya 2001 alizoea klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo. Wengi iliwawasha mwili mzima, lakini homa ilishuka upesi kwa sababu dawa hiyo yenyewe hutuliza homa. Mwaka huo ikaja SP (sulfadoksini-pirimethamini), isiyo na uwezo huo; homa ikachelewa kushuka na watu wakaona wamepewa dawa dhaifu. Mseto, vidonge vyenye dawa mbili za malaria kwa pamoja, ukafuata mwishoni mwa 2006. Dripu nayo ina asili yake. Kwinini ya malaria kali ilichanganywa kwenye maji ya glukosi na kupitishwa kwenye mshipa taratibu, ikirudiwa kila baada ya saa 8. Mtu aliyeletwa amebebwa aliondoka kwa miguu yake, na alichokiona pale kitandani ni chupa inayodondoka. Siku hizi malaria kali hutibiwa kwa sindano za atesuneti, ila sifa za chupa zimebaki. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina sukari gramu 50 tu. Anayeweza kunywa uji haihitaji.

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 wamekuja wengi kutoka Dar es Salaam, Pwani na Morogoro. Huko walikotoka, kuiwazia homa malaria kwanza kulikuwa na mantiki.

Wapo wanaosema mgonjwa apewe anachokiamini, kwa kuwa imani ina nguvu mwilini. Hoja hiyo si ya kupuuza. Mwaka 2011 mtafiti Ulrike Bingel na wenzake walichapisha utafiti wa watu 22 wenye afya waliounguzwa kidogo kwa joto huku wakipokea dawa kali ya maumivu kwa kiwango kilekile. Walipoambiwa dawa imeanza kuingia, nafuu iliongezeka takriban mara mbili. Walipodanganywa kuwa imesimamishwa, nafuu ilifutika karibu yote. Kwangu utafiti huo unatetea maneno ya mhudumu, hautetei dripu. Homa nyingi za virusi huisha zenyewe kwa siku chache. Ukitundika chupa siku ya pili, chupa ndiyo itakayosifiwa, na homa ijayo mgonjwa atakuja na madai makubwa zaidi.

Wengine wanashikilia mwongozo: hakuna malaria, hakuna dawa ya malaria. Kwa upande wa dawa wako sahihi. Kinachoharibika ni pale elimu inapokuwa sentensi moja, "Huna malaria, nenda nyumbani." Mgonjwa anatoka hapo mpaka duka la dawa, ananunua mseto na vidonge vichache vya antibayotiki kulingana na pesa aliyonayo mfukoni. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini hakikumsaidia.

Tena tusiyageuze matarajio kuwa fimbo ya kumchapia mgonjwa. Aliyekosa dawa dirishani mara kwa mara akitarajia kuzikosa tena, anasema kweli. Huyo anahitaji dawa ziwepo. Maneno matamu hayamsaidii.

Pa kuanzia ni swali moja kabla ya kuandika dawa: "Mama, mara ya mwisho ulipougua hivi ulipewa nini, na ulijisikiaje?" Akitaja dripu ya malaria kali ya zamani, mweleze kuwa iliyomponya ni kwinini iliyokuwa ndani ya yale maji, na kwamba leo kipimo hakikuona vimelea vya kuuawa. Kisha mpe dalili za kumrudisha haraka: kutapika kila anachokula, degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, au homa kuendelea baada ya siku 3. Yote hayo hayamalizi dakika tano, ingawa najua kwenye foleni ndefu hata hizo ni nyingi.

Tabia inaingia hapa, katika namna ya kusema. Mtu wa wasiwasi anayeanza metformini, dawa ya kisukari, aanze na kidonge cha miligramu 500 pamoja na chakula, aambiwe tumbo linaweza kusumbua wiki za mwanzo na kwa wengi hutulia. Asipoambiwa, siku ya tatu atasema dawa imemkataa. Ukimsomea orodha nzima ya madhara, ataanza kuyatafuta mwilini jioni hiyohiyo. Mwenye matumaini makubwa ana hatari nyingine: presha ikisoma 120/80 anaamini amepona na kuacha vidonge. Huyo aambiwe mapema kuwa namba hiyo imeletwa na vidonge, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari lake kabla hajainuka.