Ufunguo Namba 17

Mjini Varanasi, India, kabla ya kuingia katika hekalu la Kashi Vishwanath, mgeni hutakiwa kuacha nje viatu, simu, mkoba na hata kalamu. Wenye maduka ya vichochoro vya jirani wanalijua jambo hilo vizuri, na kila mmoja ana kabati la vijumba vyenye kufuli ambavyo hukupa bure, ilimradi ununue kwake kikapu cha sadaka: shada la maua ya rangi ya machungwa, majani ya mti wa bilva na kikombe cha maziwa ya kummiminia mungu Shiva. Nilinunua, nikakabidhiwa ufunguo wenye namba 17, nikautia mfukoni pamoja na pasipoti na noti chache, nikaingia nikijiona msafiri aliyebobea.

Hekalu lenyewe silisemi vibaya. Lililopo sasa lilijengwa mwaka 1780 na malkia Ahilyabai Holkar, na dhahabu iliyofunika mnara wake ilitolewa na Maharaja Ranjit Singh; mimi dhahabu hiyo niliiona kwa kufumba na kufumbua tu, kwa sababu foleni ilinichukua kama gogo katika mafuriko, mtu akanipaka mistari mitatu ya majivu kwenye paji la uso, na nilipojitambua nilikuwa nje. Kumbe milango ya eneo lile ni kadhaa, nami nilikuwa nimetokea mlango ambao sikuuingilia. Hilo nilikuja kulijua jioni. Wakati ule ningeweza kuapa kwamba nimerudi kichochoro kilekile, kwa kuwa maduka yalikuwa yaleyale, maua yaleyale, na fahali aliyelala katikati ya njia alinitazama kama mtu tuliyekwisha kusalimiana asubuhi.

Duka la kwanza lilikuwa na kijumba namba 17. La pili nalo lilikuwa nacho. Kila mwenye duka aliniruhusu kwa ukarimu kuujaribu ufunguo wangu, lakini baada ya kununua kikapu. Katika duka la tatu ufunguo ukazunguka, kufuli likafyatuka, nami nikapiga kelele ya furaha na kuvuta nje jozi ya viatu vyekundu vya kike vyenye visigino virefu, ambavyo mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu na mumewe. Niliomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na mwishowe kwa mikono.

Nikaondoka pale na mashada matatu shingoni na miguu mitupu. Kununua ndala nilijaribu, lakini mimi navaa namba 46, na kubwa kuliko zote sokoni ilinifika katikati ya wayo. Isitoshe, nilikuwa nimeahidiana na binamu yangu, anayesoma katika Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, kwamba tukutane Sarnath saa nane mchana, na namba yake ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya kijumba. Basi nikapanda bajaji (chombo ambacho jina lake limetoka huko kwao, na huendeshwa kama kwamba dereva ameshaandika wosia) kwa mwendo wa kilomita zipatazo kumi.

Sarnath ndipo Buddha alipotoa hotuba yake ya kwanza kwa wenzake watano, na hapo limesimama stupa la Dhamek, jengo la mviringo la matofali na mawe lenye urefu wa zaidi ya mita 40. Ilikuwa Aprili, na sakafu ilikuwa imekaangika. Nilipoona kivuli upande wa pili wa stupa nilikikimbilia kwa njia ya mkato, nikirukaruka kwa vidole, pasipo kukumbuka kwamba mahujaji hulizunguka stupa likiwa mkono wao wa kulia. Nikakutana uso kwa uso na kundi la akina bibi waliovaa nyeupe tupu. Mmoja wao, aliyeniona nina majivu usoni, maua shingoni na machozi machoni, aliamini kwamba nimezidiwa na imani. Akanishika kiwiko kwa upole, akanigeuza, akaniunganisha na msafara wao, tukaanza upya kwenye jua. Mizunguko ni mitatu. Bibi hakuuachia mkono wangu hata mzunguko wa kwanza ulipokwisha, na mimi nimelelewa nisimvute mkono mtu aliyelingana na bibi yangu.

Binamu alifika katika mzunguko wa pili. Badala ya kuniokoa, alinipiga picha, kisha akaituma katika kundi la ukoo.

Jioni tulirudi vichochoroni, naye akaipigia simu yangu, ambayo mlio wake ni jogoo anayewika. Tulitembea tukitega masikio, mlango baada ya mlango, hadi jogoo alipowika kutoka ndani ya kabati la duka moja lililo upande wa pili kabisa wa hekalu. Mwenye duka alikuwa ameziba masikio kwa pamba. Alisema ndege huyo hakumpa nafasi ya kupumua tangu alasiri. Nikafungua namba 17. Viatu vyangu vilikuwepo, na simu ilionyesha kwamba mama amenipigia mara 23, kisha ameandika: “Mwanangu, picha nimeiona. Usinyoe nywele kwanza. Baba yako anatafuta nauli aje tuzungumze.”