Kodi ya Jengo Nisilokuwa Nalo

Juzi usiku nilinunua umeme wa shilingi 5,000, nikausoma ujumbe wa tokeni mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, na kila mara 1,500 ilikuwa imekwenda kulipia kodi ya jengo. Jengo lipi? Mimi sina hata tofali. Mwaka 2021 jambo hili lilipoanza ilikuwa 1,000 kwa mwezi, nasi tukaguna kiungwana. 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayedaiwa ni mwenye jengo, na sisi wapangaji tuliambiwa tumalizane naye. Nilikwenda kumalizana. Mama mwenye nyumba alinitazama kama mtu aliyekuja kuposa bila barua, kisha akanikumbusha kwamba miezi yangu sita inaisha tarehe 30.

Basi nikahama, kwa maana ya kwamba nilimpigia simu dalali.

Tulipatana saa mbili, akafika saa nne, na kabla hatujapiga hatua akadai 20,000 ya kuonyeshwa, ambayo, alinifafanulia kwa upole wa daktari, hairudi hata kama macho yangu yatakataa. Chumba kilichokuwa "dakika tano kutoka kituoni" tulikifikia kwa dakika thelathini na tano, tukivuka mfereji juu ya ubao ambao upande wake mmoja ulishikiliwa na mtoto. "Hiki ni masta, mkubwa," akatangaza. Nikauliza choo kiko wapi. Akavuta pazia, na kweli choo kilikuwepo, cha kukalia, cheupe, nusu mita kutoka pale ambapo kitanda kingekaa. Kilichokosekana ni bomba. "Maji hutoka Jumanne." Nikamwuliza Jumanne ipi, akaanza kuisifia jipsamu. Ilikuwa jipsamu nzuri, nakiri, ila ilishuka chini kiasi kwamba nilipoinua kichwa kuitazama, feni ilinisalimu kwenye paji la uso. Dirisha nalo lilitazama ukuta wa jirani kwa ukaribu ulioniwezesha kunakili namba ya simu ya fundi madishi iliyoandikwa pale kwa mkaa. Bei: 150,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali mwenyewe, jumla 1,050,000 kabla sijanunua pazia jingine. Nikamwomba kwa heshima zote nilipe mwezi kwa mwezi, kwa kuwa mshahara wangu nao huja hivyohivyo. Alicheka mpaka akakalia kile choo.

Chumba cha pili kilikuwa na mpangaji wake ndani, anakula. Cha tatu kilichukuliwa tukiwa njiani.

Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei hupangwa na mwenye nyumba akishauriana na hasira zake. Siyabezi yaliyofanyika. Magomeni Kota, zile ghorofa za serikali hapa Dar es Salaam, zilipozinduliwa Machi 2022, kaya 644 zilipata pa kukaa, nami nilifurahi kana kwamba nimealikwa. Lakini katika mji ambao sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu zaidi ya milioni 5, hiyo ni sufuria moja ya wali kwenye shughuli ya mtaa mzima. Nyumba zile zinazouzwa kwa jina la gharama nafuu huwa nazitazama kama mgonjwa wa kisukari anavyotazama keki ya harusi. Sijaomba nyumba mimi. Naomba mtu anayelipwa kwa mwezi asidaiwe kodi ya nusu mwaka, maana hiyo nusu mwaka ataikopa, na akishaikopa kiwanja atanunua lini, akiwa kaburini?

Nimerudi jioni na kukuta geti limepakwa rangi ya chungwa. Mama mwenye nyumba anasema kodi itapanda kwa sababu ya geti hilo, ambalo bado halifungi, na ndiyo maana jogoo wa jirani huingia kila magharibi na kulala juu ya boksi la mita yangu.